Fatiha ya Ukumbini kwa Bi Khairiya

Shuka la hoteli halikunjwi na mtu mmoja. Ukijaribu peke yako litaburura, na likigusa sakafu limerudi kwenye maji. Ni lazima muwe wawili. Mmoja ashike ncha mbili huku, mwenziwe ashike ncha mbili kule, mrudi nyuma, mvute mpaka shuka lilie pa! Halafu mfuatane, mkutane katikati, yeye akupe ncha zake nawe uzipokee. Mwanasaumu wa Jomvu Kuu alifanya kazi hiyo miaka kumi na mmoja, kwenye kiwanda cha dobi kule Changamwe kinachofua mashuka na taulo za mahoteli. Na miaka yote hiyo, mtu wa ncha za pili alikuwa Nyale, mwanamke wa Kirabai, mcheshi, mwenye mikono mirefu kama makasia.

Walikuwa hawatazamani hata mikono. Walikunja huku wanapiga soga za waume na bei ya unga, na mashuka yakipanda mbele yao kama ukuta.

Mwanasaumu hakuwa msomi na hakujidai usomi. Aliishia darasa la saba. Kiswahili alikisoma na kukiandika vizuri. Kiingereza alikijua kile cha kwenye madebe ya sabuni, basi. Aliolewa, akaachwa, akarudi kwenye nyumba ya marehemu mamake, akajilisha kwa jasho lake. Hakumwomba mtu chumvi. Kama alikuwa na jambo la kujivunia mbele za watu, ni kwamba neno lake lilikuwa neno. Akisema nitakuja, yuwaja. Akisema sikuchukua, hakuchukua.

Na alikuwa na somo yake, Bi Khairiya.

Somo si rafiki, wala si shangazi. Somo ni yule uliyekabidhiwa kwake ungali mwari, akakufunda mambo ya nyumba na ya mwili, akakuingiza chumbani kwa mume na akabaki nje ya mlango akikuombea. Huyo amekuona usivyoonwa na mamako. Siri zako zote zi kwake, na akikwambia neno, hulitupi. Ndivyo wanavyolelewa wanawake wa Jomvu Kuu.

Lakini Bi Khairiya naye alikuwa na siri yake moja, na aliyeijua duniani ni Mwanasaumu peke yake. Bibi yule alikuwa amewasomesha Kurani nusu ya watoto wa mtaa. Hati za Kiarabu alizisoma kama mtu anywaye maji. Ila hati za kizungu, hizi za magazeti na za simu, hakuijua hata herufi moja. Hakupelekwa skuli, babake alikataa. Na kwa vile alikuwa mtu mkubwa, wa kuitwa kwenye kila posa na kila ugomvi, aliona haya kusema. Alivaa miwani ya dhahabu. Akipewa karatasi mbele za watu huivaa, akaitazama karatasi, kisha akamtupia jicho Mwanasaumu na kusema, "Miwani yangu ina vumbi." Na Mwanasaumu husema, "Nipe mimi, somo," akaichukua, akaisoma kwa sauti kama kwamba anamsaidia mtu mwenye macho mabovu. Kadi za hospitali, barua za ardhi, ujumbe wa simu, yote alimsomea yeye. Miaka zaidi ya ishirini. Hakumwambia hata Nyale.

Basi hapo kiwandani akaletwa msimamizi mpya, Jafar. Mwanasaumu alifurahi alipomwona, maana Jafar alikuwa mtoto wa nduguye Bi Khairiya. Alimjua toka akiwa na bukta, akipita na chuo chake, kitabu cha Kurani, kwapani kwenda kusoma. Sasa amekuwa bwana, ana mke na watoto, na fungulo za stoo zikining'inia kiunoni.

Furaha haikufika mwezi. Jafar alianza kwa maneno, ya kusema kiuno cha fulani kinavyofaa kukunja mashuka. Wanawake wakacheka kwa woga. Kisha akawa akipita nyuma ya mtu hapiti na njia, apita na mwili wa mtu. Kisha akaanza kumtuma Mwanasaumu stoo ya taulo peke yake, mara mbili, mara tatu kwa siku. Siku moja akamfuata, akafunga mlango, akaweka mkono pasipowekwa mkono na mtu asiye mume. Mwanasaumu alimsukuma, akampiga usoni kwa rundo la taulo, akatoka mtandio uko mkononi.

Nyale alimwona akitoka. Alimwona na Jafar akitoka nyuma yake akijipangusa shati. Alimpa ncha zake za shuka, wakakunja mashuka manne bila neno, na la tano Nyale akasema polepole, "Hata mimi alishanijaribu, dada. Niliona ninyamaze."

"Miye sinyamazi," Mwanasaumu akasema.

Aliandika kesho yake saa ya chakula, kwa Kiswahili, kwenye ukurasa wa daftari, yote, na siku na saa, akaupeleka kwa meneja, Bwana Clifford. Meneja aliusoma amesimama hivyohivyo, akasema, "Tutaangalia, mama." Akautia kwenye droo.

Siku ya tatu, baada ya alasiri, Bi Khairiya akabisha hodi kwa Mwanasaumu. Yeye mwenyewe, na magoti yake yale mabaya. Hakukaa hata kitini, alikaa kitandani kama zamani.

"Nimesikia," akasema.

"Umesikia nini, somo?"

"Yote. Na najua husemi uongo, wala huna haja ya kuniapia. Yule mtoto ni mjinga. Nimemtukana mpaka nikakauka koo. Lakini mwanangu, mambo haya wayapeleka kwa mameneja? Watu baki? Kesho yatakuwa kwenye midomo ya kila mtu kutoka hapa mpaka Miritini. Yeye mwanamume, aibu yake ni ya siku mbili. Yako weye itakaa."

"Aibu si yangu, somo."

"Najua si yako. Ndiyo nasema yasitiriwe. Aje akuombe radhi mbele yangu, mbele ya mzee wetu. Isomwe Fatiha, yaishe. Nimekulea miye au hukulelewa?"

Angelijibu nini? Hiyo ndiyo mila. Watu wakikosana, wakubwa huwaweka pamoja, aliyekosa huomba radhi, aliyekosewa husamehe, wote hunyanyua mikono, ikasomwa Fatiha. Na Fatiha ikishasomwa juu ya jambo, jambo limezikwa, halifukuliwi. Mwanasaumu alitaka Jafar aseme kwa mdomo wake kwamba alikosa. Hilo tu. Akakubali.

Walikutana siku ya Ijumaa, ukumbini kwa Bi Khairiya. Kulikuwa na halua na kahawa, na udi umefukizwa kama mtu anaolewa. Jafar alikuja na kanzu nyeupe, macho chini. Na mzee mmoja wa ukoo wao, mpole, mzito wa masikio.

"Dada Mwanasaumu," Jafar akasema, "kama nilikukosea, nisamehe."

Kama! Neno hilo lilimkwama Mwanasaumu kama mwiba wa samaki, lakini Bi Khairiya alimfinya mkono. Akasema, "Nimekusamehe." Wakanyanyua mikono. Mzee akasoma. Mwanasaumu alifumba macho, akasema amin kwa moyo wake wote. Hilo aliliapia baadaye na halina shaka: alisema amin kwa moyo.

Alipofumbua macho, Jafar alikuwa ametoa karatasi kwenye mfuko wa kanzu. Imepigwa chapa, kwa Kiingereza.

"Meneja ataka kitu cha kuweka kwenye faili," akasema. "Kwamba tumesuluhiana. Weka sahihi hapa chini."

Mwanasaumu aliitazama. Alitambua jina lake, na jina la kiwanda. Mengine yalikuwa maneno marefu marefu.

"Imeandikwa nini?"

"Mpe shangazi aitazame," Jafar akasema.

Bi Khairiya alivaa miwani yake ya dhahabu. Aliishika karatasi, macho yakashuka polepole mstari kwa mstari mpaka chini, akaitikia kwa kichwa. Safari hii hakusema miwani ina vumbi. Akasema, "Ndiyo hivyo hivyo. Mumesameheana, yamekwisha. Tia sahihi, mwanangu, watu wapate kula."

Sasa na lifahamike, maana watu walimcheka sana Mwanasaumu kwa hili, wakamwita mpumbavu. Hakuwa mpumbavu. Alijua somo yake hakusoma kitu. Alijua kama anavyojua jina lake. Lakini angelisemaje? Akisema, "Ngojeni niipeleke kwa mtu ajuaye Kiingereza," amesema mbele ya mzee na mbele ya Jafar kwamba Bi Khairiya ametazama karatasi kama mbuzi atazamavyo ukuta. Amemvua nguo mtu aliyemsitiri yeye toka uwari. Basi akachukua kalamu, akatia sahihi. Aliitia kumsitiri somo yake.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, mlinzi wa getini alimwambia asiingie ndani, apite ofisini. Meneja hakuwepo. Alikuwepo Cheryl, karani, msichana wa bara, mzuri wa adabu. Akampa bahasha huku macho yakitazama ukuta.

"Nisomee, mwanangu. Kiingereza changu kidogo."

Cheryl akasoma, kisha akafasiri polepole, kama mtu anayetoa kibanzi. Kwamba Mwanasaumu amekiri kwa sahihi yake mwenyewe kuwa malalamiko yake dhidi ya msimamizi yalikuwa ya uongo, aliyatunga kwa chuki. Kwamba uongo huo ni kosa kubwa la nidhamu. Kwamba ameachishwa kazi leo hii.

"Nimekiri wapi?"

Cheryl akamwonyesha nakala. Ile karatasi ya halua na kahawa, sahihi yake chini.

Alitoka na mfuko wake wa nailoni wenye kandambili na leso ya kazini. Kwenye dirisha la chumba cha kukunjia alimwona Nyale ameshika shuka, na upande wa pili ameshika mtu mwingine.

Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Khairiya.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Ndoo, ingia ukae."

"Sikai. Nimekuja na neno moja. Karatasi ile, ulijua imeandikwa nini?"

Bi Khairiya alikuwa akichambua mchele. Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Wajua kuwa siwezi kuisoma."

"Sikuuliza kusoma. Nimeuliza kujua."

Kuku aliingia, akadonoa punje, hakuna aliyemfukuza.

"Jafar alinambia," bibi akasema mwishowe. "Alinambia ni lazima iandikwe kwamba hakuna lililotokea. Lau sivyo wangelimfukuza. Yuna watoto wadogo. Babake ni ndugu yangu, alikufa mkono wake u mkononi mwangu. Hakunambia watakufukuza weye, wallahi hakunambia. Ningelifanyaje, Mwanasaumu?"

"Ungelinambia."

"Ningelikwambia usingelitia sahihi."

Hapo ndipo alipoelewa. Wala hakulia. Machozi ni ya jambo lililokupata kwa bahati mbaya. Hili lilikuwa limepangwa, likafukiziwa udi, likatiwa Fatiha juu. Aliyemfunda kusema kweli kwa mumewe ndiye aliyemshika mkono kutia sahihi ya uongo.

"Haya, somo," akasema. "Miye nilikuwa nakusitiri weye. Weye ulikuwa wamsitiri Jafar. Na miye nani alikuwa ananisitiri?"

Akaondoka bila kuaga.

Kazi alitafuta. Alikwenda dobi jingine kule Mikindani. Wakampenda, wakamwona anavyokunja, kisha wakapiga simu kule alikotoka. Waliporudi nyuso zilikuwa nyingine. Ndipo alipojua kuwa barua ile itamtangulia kila mlango. Njaa aliijua, haikumtisha. Kilichomkosesha usingizi ni lile neno, mwongo, limeandikwa, limepigwa muhuri, liko kwenye faili la watu. Akajiwekea nadhiri: barua ile irudi ilikotoka. Mengine yote baadaye.

Nyale alikuja siku ya Jumapili, na maneno tele ya kuomba msamaha. "Dada, mimi ukiniita mahakamani siji. Nisikudanganye. Nina watoto wanne na mume ni jina tu."

"Uliona nikitoka stoo."

"Niliona. Na siji." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Lakini wako wanawake mawakili pale mjini, wanasaidia wanawake bure. Jirani yangu walimsaidia. Nitakupa nauli."

"Nauli ninayo," Mwanasaumu akasema, naye hakuwa nayo. Alikwenda kwa miguu mpaka Makupa, na kutoka Makupa mpaka ofisini.

Wakili alikuwa binti mdogo, Rania, amevaa buibui, na koti lake la kiwakili limetundikwa kwenye kiti. Alimwamkia shikamoo, akampa maji, akamwacha aseme mpaka akamaliza. Kisha akasoma barua na karatasi, mara mbili.

"Mama, walikuita kwenye kikao kabla ya kukufukuza?"

"Hakuna aliyeniita. Niliitwa halua."

Rania hakucheka. "Sheria ya kazi yasema mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa kosa la nidhamu bila kumwita, amweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa, na awepo mfanyakazi mwenziwe aliyemchagua yeye. Hawakufanya. Tena kumfukuza mtu kwa sababu alilalamika, hiyo haihesabiwi kuwa sababu ya haki. Na kiwanda cha watu ishirini au zaidi lazima kiwe na utaratibu ulioandikwa wa kushughulikia mambo ya namna hii. Uliwahi kuuona?"

"Niliona kibao cha usivute sigara."

"Basi tuna pa kuanzia. Twaweza kwenda kwanza kwa afisa wa kazi, ajaribu kuwapatanisha..."

"Upatanisho mwingine!"

"Huu hauna Fatiha," Rania akasema, na sasa alicheka kidogo. "Ukishindikana, twaenda mahakama ya kazi. Una miaka mitatu toka siku ya kufukuzwa, lakini tusingoje, ushahidi huoza. Mahakama yaweza kuamuru ulipwe mpaka mishahara ya miezi kumi na miwili, mara chache hata urudishwe kazini. Na lile alilokutenda stoo ni jambo la polisi, ni njia yake mbali. Waweza kwenda huko pia, ukitaka."

"Hiyo barua yaweza kufutwa?"

"Mahakama ikiona ufukuzwaji si wa haki, twaweza kuomba hilo."

"Basi omba hilo. La polisi nitakuja kulifikiri. Kwanza jina."

Rania akagonga karatasi kwa kalamu. "Kinachonisumbua ni hii sahihi. Watasema ulisomewa. Huyu Bi Khairiya, kuna jambo lolote kumhusu ambalo napaswa kulijua?"

Mwanasaumu alitazama chini. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Akalimeza.

"Hakuna," akasema.

Hata baada ya yote yale, hakuna.

Kwa afisa wa kazi, kiwanda kilimleta wakili wao, naye akatoa pesa kidogo za kuondokea. Mwanasaumu akauliza, "Na barua?" Wakasema barua haiguswi. Akainuka. Rania akampandishia kesi mahakamani, na hapo ikawa kungoja, njoo mwezi ujao, njoo mwezi ule, mwaka ukapita na nusu. Alijilisha kwa kuuza mikate ya sinia na kufulia watu majumbani, shuka moja moja, akikunja mwenyewe kitandani kwa taabu.

Na Jomvu Kuu ikamgeukia. Kwenye harusi, akikaa kwenye jamvi, waliokaa karibu hukumbuka kuna chakula cha kupakua. "Amefukua Fatiha," walisema. Kuna mmoja alimwambia usoni kisimani, "Weye ulisema amin kwa mdomo wako."

"Nilisema amin kwa kusamehe," akamjibu. "Sikusema amin kwa kuitwa mwongo. Kama Fatiha yako wewe hufanya kazi hizo, ipeleke kwa sheikh akaitengeneze."

Siku ya kusikizwa ikafika. Kiwanda kilileta mashahidi wawili: Bwana Clifford, na Bi Khairiya.

Bibi aliingia akishikwa mkono na Jafar, buibui jipya, miwani ya dhahabu kwenye mnyororo. Alipita karibu na Mwanasaumu kiasi cha kunusika udi. Hakugeuka. Karani wa mahakama akamletea Msahafu, bibi akauweka mkono juu yake, akaapa kusema kweli. Mwanasaumu alijiambia: sasa atasema kweli. Ameshika Msahafu. Yeye aliyenifundisha hata jinsi ya kuushika, atasema kweli.

Wakili wa kiwanda akamwuliza kama mlalamishi alielewa alichotia sahihi.

"Alielewa," Bi Khairiya akasema, kwa sauti ileile ya kusomesha. "Miye mwenyewe niliisoma karatasi, neno kwa neno, nikamfasiria kwa Kiswahili. Nikamwambia, hapa wakiri kuwa ulisema uongo. Akasema, naam somo, nilighadhibika tu. Akatia sahihi."

Naam somo, nilighadhibika tu! Hata sauti yake aliiiga.

Rania alikuwa akipekua makaratasi, akitafuta pa kumshika. Mwanasaumu akamvuta mkono wa koti. Alikuwa ameibeba siri ile miaka zaidi ya ishirini, na ilipomtoka ilimtoka kwa maneno mawili.

"Mpe asome."

Rania alimtazama usoni, akaelewa. Akasimama.

"Bibi, shikamoo. Umesema uliisoma neno kwa neno. Hii hapa. Tusomee mstari wa pili tu."

Bi Khairiya akaipokea. Akavaa miwani. Macho yakashuka karatasini, yakapanda, yakashuka. Kisha akakiinua kichwa, na macho yake, kwa mazoea tu ya miaka, yakaenda yakamtafuta Mwanasaumu.

"Miwani yangu ina vumbi," akasema.

Akangoja.

Mwanasaumu alihisi mkono wake mwenyewe unataka kunyanyuka. Nipe mimi, somo. Maneno yalimjaa kinywani. Akaishika mikono yake mapajani, mmoja juu ya mwingine, akazitazama kucha zake zilizoliwa na sabuni.

"Mpeni kitambaa," Jaji akasema kwa upole. Karani akampa. Bibi akaipangusa miwani, muda mrefu, upande huu na upande huu. Akaivaa tena. Hakusoma. Rania akamwandikia kwa herufi kubwa maneno ya Kiswahili kwenye karatasi nyingine, akamwuliza kama hayo anaweza. Bibi akaiweka karatasi juu ya Msahafu, akaivua miwani, akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwanafunzi wake aliyewahi kuisikia, "Sikusomeshwa."

Nje, kwenye ngazi, Bi Khairiya alimngojea. Jafar alikuwa ameshatangulia, hakumshika tena mkono.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Mwanasaumu."

"Weye ulinivua kwanza, somo. Tena nimefumba macho nikisema amin."

Wakaachana hapo.

Hukumu ilitoka baada ya miezi miwili. Mahakama ilisema hakuitwa kujitetea, hakuelezwa kwa lugha yake, na karatasi ile haikuwa kukiri bali ilikuwa mtego; ufukuzwaji haukuwa wa haki. Alipwe mishahara ya miezi kadhaa. Barua iondolewe kwenye faili na apewe cheti safi cha kazi. Jafar alikuwa ameshahamishwa tawi jingine la kiwanda, na fungulo zake kiunoni. Hakuna aliyemwita mwongo. Nyale alipiga simu kupiga vigelegele, Mwanasaumu akamwambia ahsante, na mazungumzo hayakwenda mbali. Mashuka elfu na elfu walikunja pamoja, na sasa walikuwa kama watu waliokutana hospitalini.

Cheti alikisoma mwenyewe, maana Rania alidai kiandikwe na kwa Kiswahili. Mwanasaumu, mkunjaji, miaka kumi na mmoja, tabia njema. Alikitia kwenye kabati la marehemu mamake, chini ya sanda aliyojinunulia.

Ilipita miezi mingine. Asubuhi moja akisuka ukili wa mkeka mlangoni, akaona kivuli kimesimama. Alikijua kabla hajainua kichwa, kwa yale magoti. Bi Khairiya alikuwa amekonda. Hakubisha hodi, pengine aliogopa ukimya wa baada ya hodi. Mkononi alishika kadi ya hospitali, ya kisukari, imekunjwakunjwa kwa kushikwa. Watu walisema amekosa zamu yake ya kliniki mara mbili, hakuna wa kumsomea siku. Mtaa mzima sasa ulijua kuwa hajui kusoma, na katika mtaa mzima hakuwa na wa kumwomba.

Bibi akainyoosha kadi.

"Miwani yangu ina vumbi," akasema. Wala hakuivaa.

Mwanasaumu aliweka ukili chini. Akaipokea kadi, akaitazama.

"Jumanne. Tarehe kumi na nne. Saa mbili asubuhi, na uende hujala."

Akamrudishia. Bi Khairiya alisimama pale kidogo, akitazama mkeka uliokuwa mtupu ndani ya mlango, mahali alipozoea kukaa. Mwanasaumu akauchukua ukili wake, akaendelea kusuka. Hakumwambia karibu.